Miaka 180 ya tairi la upepo: Mskoti mmoja alivumbua, mwingine akabaki na jina

Tarehe 10 Desemba 2025 ilitimia miaka 180 tangu Robert William Thomson, kijana wa miaka 23 kutoka mji wa Stonehaven, Scotland, apate hataza ya gurudumu lililozungushiwa mpira uliojaa hewa. Kwetu siku hiyo ilipita bila neno. Mwulize fundi yeyote wa pancha nani aliyevumbua tairi, atakujibu Dunlop, na pengine akuoneshe jina lenyewe ubavuni mwa tairi.

Hati ya Thomson ya mwaka 1845 ilikuwa wazi kuhusu lengo lake: kupunguza nguvu ya kuvuta gari, kutuliza mwendo na kupunguza kelele. Kumbuka kwamba injini ya petroli ilikuwa bado haijazaliwa. Yeye alikuwa anamfikiria farasi. Mwaka 1847 alifanya majaribio katika bustani ya Regent's Park, London, kwa magari ya farasi yenye matairi ya turubai lililopakwa mpira, juu yake ngozi iliyofungwa kwa bolti kwenye gurudumu. Yalikwenda vizuri. Ila mpira mwembamba ulikuwa adimu na ghali, na kufungua bolti zote hizo kwa ajili ya pancha moja hakukumvutia mtu. Thomson akahamia kwenye mambo mengine, akafariki mwaka 1873.

Miaka 15 baadaye anaingia John Boyd Dunlop, naye Mskoti, daktari wa mifugo mjini Belfast. Sehemu kubwa ya tunayoyajua juu yake yanatoka kwa yeye mwenyewe, katika kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake cha mwaka 1921. Mwanawe Johnnie alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, na mawe ya barabara za Belfast yalikuwa yakimtesa. Dunlop akachukua duara la ubao, akatengeneza tyubu ya mpira, akaifunika kwa kitambaa cha kitani kilichopigiliwa misumari midogo, akaijaza hewa kwa pampu ya mpira wa miguu. Kisha akashuka uani na magurudumu mawili: hilo la upepo, na lile la mbele la baiskeli ya mtoto, lenye mpira mgumu. Akayasukuma kila moja kwa zamu. Gumu halikufika mwisho wa ua. La upepo lilivuka ua wote, likagonga geti, likadunda kurudi.

Wengi hudhani upepo uliwekwa kwenye tairi kwa ajili ya starehe ya makalio. Ua ule ulionyesha jambo kubwa zaidi. Gurudumu gumu likikutana na jiwe lazima lipande, na likipanda linainua chombo pamoja na aliyekipanda. Nguvu iliyokuwa ya kwenda mbele inageuzwa ya kwenda juu, na chombo kikishuka kwa kishindo haimrudii mwendeshaji. Inaishia kwenye mtikisiko na kelele. La upepo linabonyea pale tu lilipoguswa na jiwe, ekseli inabaki karibu na usawa wake, kisha hewa inalirudisha tairi kwenye umbo lake. Kwenye reli iliyonyooka gurudumu la chuma halijapata mpinzani mpaka leo. Ubovu wa barabara ndio uliompa Dunlop ushindi.

Na ushindi ulikuja hadharani. Tarehe 18 Mei 1889, kwenye mashindano ya Queen's College, Belfast, Willie Hume aliingia uwanjani na baiskeli yenye matairi manene ya Dunlop. Watazamaji walicheka kuyaona. Hume akashinda mbio zote nne alizoingia. Miongoni mwa walioachwa nyuma walikuwamo watoto wa Harvey du Cros, mfanyabiashara wa Dublin. Du Cros hakununa, aliona pesa. Kabla mwaka huo haujaisha kampuni ilikuwa imeundwa Dublin, Dunlop akiwa ndani yake.

Mwaka 1890 likaja pigo. Ofisi ya hataza ilimjulisha Dunlop kwamba hataza aliyopewa kwa tairi lake haina nguvu, kwa kuwa Thomson alishaandikisha jambo lilelile miaka 45 nyuma. Inaaminika Dunlop hakuwahi kumsikia. Kampuni iliponea kwenye hataza za watu wengine, hasa ile ya Charles Welch ya kulibana tairi kwenye rimu kwa waya, njia ambayo asili yake tunaitumia hadi leo. Dunlop alijitoa mwaka 1895. Mwaka uliofuata tajiri Ernest Hooley aliinunua kampuni kwa pauni milioni 3 na kuiuza upya kwa wenye hisa kwa milioni 5. Daktari wetu hakuambulia kitu katika faida hiyo. Nasema wazi: sura yake kwenye nembo ya kampuni ilimfaidi kila mtu kuliko yeye, na Thomson hakupata hata nembo.

Magari yalifuata haraka. Ndugu wa Michelin waliendesha gari la matairi ya upepo katika mbio za Paris hadi Bordeaux na kurudi mwaka 1895, wakipata pancha njia nzima, na mwaka 1946 kampuni yao ikaleta hataza ya tairi la rediali.

Masimulizi ya Belfast huishia viwanjani. Mpira ulikotoka ni habari nyingine. Mahitaji yaliyozuka miaka ya 1890 yaliangukia Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, ambako wanavijiji walilazimishwa kugema mpira wa porini, na askari wake wakakata watu mikono. Hayo hayakuandikwa ubavuni mwa tairi lolote.

Tulio barabarani leo tunaishi kwa hesabu ileile ya hewa. Gari la kilo 1,200 linaweka kama kilo 300 kwa kila gurudumu. Ukijaza upepo wa pauni 30 kwa inchi ya mraba, tairi linagusa lami kwa eneo la takriban sentimita za mraba 140, sawa na mkono wa mtu mzima uliokunjuliwa. Kushika breki, kukata kona na kuongeza mwendo vyote vinakopa hapohapo. Dereva anayekanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona amemaliza msuguano wote kwenye breki; gari linanyooka kuelekea mtaroni hata usukani ukiwa umekatwa. Na tairi lenye upepo mdogo linabonyea zaidi kila mzunguko. Mpira haurudishi nguvu yote uliyoubonyezea, nyingine hugeuka joto, na joto likizidi nyuzi za ndani zinaachana. Halafu tunasema tairi limepasuka lenyewe.

Matairi yenyewe tuliwahi kuyatengeneza; Tanzania tulikuwa na kiwanda chetu. General Tyre ya Arusha ilianza kuzalisha mwaka 1971, ikasimama kabla muongo wa kwanza wa karne hii haujaisha, na ahadi za kuifufua tumezizoea. Nairobi nao walifunga kiwanda chao mwaka 2016 kwa kushindwa na bei za matairi ya nje. Sasa tunagombania mitumba yenye vipara, huku upepo ukipimwa kwa teke la fundi, wakati kiwango sahihi kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, namba moja ya gari tupu na nyingine ya gari lenye mzigo.