NJIWA WA BARUA: UZITO WAKE, AFYA YAKE NA HUKUMU YAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewafundisha ndege njia zao angani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Baadhi ya watu husikia njiwa wakitajwa katika vitabu vya fiqhi, wakadhani ni mlango wa mchezo tu. Ukweli ni kwamba njiwa alipata kuwa mtumishi wa dola ya Kiislamu, na uhai wa watu ulitegemea afya ya mwili wake mdogo.

Njiwa katika ulinzi wa Waislamu

Mwaka 567 Hijria (1171-72 Miladia) Sultan Nuruddin Mahmud bin Zangi aliamrisha njiwa wa barua wawekwe katika miji ya Sham. Wanahistoria, akiwemo Ibnul Athir, wameitaja sababu yake. Milki ilikuwa imepanuka, na Wafaranji wakivamia mipakani, habari zilimfikia Sultan wakati wao wamekwishaondoka. Alipopata njiwa, habari zikawa zinamfikia siku ile ile. Baada yake Mamaliki wa Misri waliuendeleza utaratibu huu, wakawa na minara ya njiwa katika ngome ya Cairo na vituo njiani, kama alivyoeleza Al-Qalqashandi (aliyefariki 821 H) katika Subhul A'sha. Barua iliandikwa kwa ufupi kwenye karatasi nyepesi, tena nakala mbili kwa njiwa wawili, ili mmoja akipotea mwenzake afike. Njiwa hakuachiliwa wakati wa mvua, wala kabla ya kulishwa ipasavyo.

Alijulikanaje njiwa aliye tayari?

Hapa ndipo penye elimu. Al-Jahiz wa Basra (aliyefariki 255 H), ambaye kwa itikadi alikuwa Muutazila lakini katika habari za wanyama ni hazina, ameeleza katika Kitabul Hayawan kuwa njiwa hutambuliwa kwa mambo manne: umbo, mguso, tabia na mwendo.

Katika umbo, hutazamwa kichwa cha mviringo kisicho kikubwa wala kidogo, pua pana, na kifua kipana kilichojaa. Katika mguso, hutakiwa mwili ulioshikamana, nyama ngumu, mishipa imara, na manyoya laini yasiyo dhaifu. Katika tabia, awe na macho maangavu, mwenye hadhari, asiyetetemeka sana akishtuliwa. Na katika mwendo, aruke juu, anyooshe shingo, aelekee anakokwenda bila ya kuzungukazunguka.

Tuuzingatie huo mguso. Wafugaji wa njiwa wa mashindano leo wana mizani, na wanajua kuwa wengi wa njiwa hao wana uzito wa baina ya gramu 400 na 500. Lakini mfugaji hodari haitegemei mizani peke yake. Humshika njiwa kiganjani, akapitisha kidole juu ya mfupa wa kidari. Mfupa ukichomoza mkali kama kisu na nyama imebonyea pande zote mbili, ndege amekonda, hafai kutumwa. Mfupa ukiwa umefunikwa na mafuta hata haupapasiki vizuri, amenenepa, atachoka mapema. Aliye tayari hujaza kiganja, misuli yake imekaza, na bado mkono unamhisi mwepesi. Hahitajiki kuwa mkavu kabisa, kwani katika safari ndefu mafuta ya mwilini ndiyo nguvu zake. Njiwa wawili huweza kulingana kwa gramu, mmoja akawa ni misuli na mwingine ni shahamu. Mizani haiwatofautishi, mkono unawatofautisha.

Pale njiwa alipogeuka fitina

Elimu hii hii iliingiwa na matamanio. Al-Jahiz anataja njiwa mmoja kuuzwa hadi dinari 500. Khalifa An-Nasir (575-622 H) alilaumiwa na Ibnul Athir kwa kushughulishwa mno na njiwa. Na kabla yake, Ghiyath bin Ibrahim aliingia kwa Khalifa Al-Mahdi, ambaye akipenda njiwa. Akaisoma Hadithi inayoweka zawadi ya mashindano katika ngamia, farasi na mishale, akaongeza kutoka kwake neno la "mbawa" ili amfurahishe mtawala. Al-Mahdi aliutambua uongo ule, akaamuru njiwa wachinjwe. Tazama, ndugu msomaji: ndege hana kosa, lakini kwa ajili yake alizuliwa uongo Mtume (S.A.W.)!

Hukumu yake

Kumfuga njiwa kwa ajili ya vifaranga, kuliwazika naye au kubeba barua hakuna ubaya, kama alivyoeleza Ibn Qudama katika Al-Mughni. Ama kushindanisha ndege kwa zawadi, katika madhehebu yetu ya Shafii wako waliojuzisha kwa hoja kwamba ndege hubeba habari za vita. Lakini kauli iliyo sahihi zaidi, kama alivyoitaja Imam Nawawi katika Minhaj, ni kuwa haisihi. Bila ya zawadi inajuzu. Kuwekeana dau, kila mmoja akatoa chake na mshindi akachukua, hiyo ni kamari.

Imebaki haki ya ndege mwenyewe. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake lilikuwa limegandamana na mgongo kwa njaa, akawausia watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasiosema, wawapande wakiwa wazima na wawale wakiwa wazima. Mtume aliitazama hali ya mwili wa mnyama, akatoa hukumu kwayo. Basi anayemrusha njiwa ilhali kidole kimekwishamwambia kuwa amekonda, amedhulumu, hata kama hakuweka dau la senti moja. Nasi tunawausia vijana wetu wanaofuga: kabla ya kuuliza nani atashinda, mshikeni ndege, mmjue hali yake.

Wallahu a'lam.