Mvua ya Miaka Kumi Haingoji Zamu

Kabla ya kuchimba mtaro wa mjini, mhandisi hujiuliza: mvua kubwa kiasi gani ipite humu bila maji kufurika? Jibu huandikwa kwa istilahi tunayoiita kipindi cha marejeo, yaani muda wa wastani kati ya mvua ya ukubwa fulani na nyingine inayoifikia au kuizidi. Mvua ambayo kipindi chake ni miaka 10 huitwa kwa mkato mvua ya miaka kumi, na mkato huo ndio unaopotosha watu.

Mwenye duka Malindi aliyefagia maji mwaka jana, akiambiwa ile ilikuwa mvua ya miaka kumi, atajiona amepata miaka tisa ya kupumua. Hajapata. Kila mwaka kuna uwezekano wa 1 kati ya 10 kwamba mvua hiyo itafikiwa au kupitwa, na ya mwaka jana haipunguzi lolote. Mtaro uliojengwa kwa kipimo hicho una uwezekano wa takriban asilimia 65 wa kuzidiwa walau mara moja ndani ya miaka 10. Ukikaa miaka 25, ni asilimia 93.

Ukubwa wenyewe haupimwi kwa mwezi. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi Malindi, masika yakiwa yamekolea, lakini jumla yake haimsaidii sana anayesanifu mtaro. Milimita 60 zikinyesha taratibu kwa siku mbili, mchanga wa pwani huzinywa nyingi. Zikishuka kwa saa moja, mambo ni mengine. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mabati la mita 100 za mraba litamwaga lita 6,000. Mtaa wa hekta 10 uliojaa mabati, lami na saruji, asilimia 80 ya maji ikitiririka, hupeleka mtaroni mita za ujazo 1.3 kila sekunde. Ndiyo maana rekodi za kipimamvua zinazoonyesha dakika kwa dakika, za miaka mingi, zina thamani kubwa kuliko jumla ya saa 24.

Na Malindi ina lake. Mji uko chini, kando ya ghuba. Mvua ikikutana na bamvua, bahari huziba mdomo wa mtaro na maji hurudi mitaani hata kama mvua yenyewe si ya kutisha. Hesabu ya mvua peke yake haitoshi hapo. Mafuriko ya Mto Sabaki, kama ya 2018 yaliyohamisha watu Magarini, nayo ni habari nyingine: maji hayo huteremka kutoka bara, na kipimamvua cha Malindi hakiwezi kuyatabiri.

Kwangu mimi, kipindi cha marejeo kibaki katika ripoti za wahandisi, lakini barazani tuseme wazi: uwezekano wa moja kwa kumi, kila mwaka. Nawe ukiitwa kwenye kikao cha mtaro wa mtaa wako, uliza umesanifiwa kwa uwezekano gani, kwa rekodi za mvua za miaka mingapi, na maji yatatokea wapi bahari ikijaa.