Pamba ndani ya boksi la sabufa

Kabla ya kuingia kwenye buti la gari, pamba ya spika, yaani nyuzi za kujazia boksi, ilianzia sebuleni. Mwaka 1954, mjini Cambridge, Massachusetts, Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss waliunda kampuni ya Acoustic Research na kutoa spika ya AR-1. Hadi hapo, aliyetaka besi nzito nyumbani alihitaji kabati kubwa. Villchur alichukua boksi dogo, akaliziba lisivuje, akalegeza kingo za koni na kuiachia hewa iliyofungiwa ndani kazi ya springi. Spika za kampuni hiyo za miaka ile zilijazwa nyuzi za kioo.

Kinachofanya kazi hapo ni joto. Koni inapoingia ndani hubana hewa, na hewa iliyobanwa hupata joto, kwa hiyo hukakamaa zaidi. Nyuzi nyembamba zilizotawanyika kila mahali hulipokea joto hilo na kulirudisha koni inapotoka. Hewa hulainika, na boksi hufanya kazi kama lililo kubwa kuliko vipimo vyake. Mtaalamu wa sauti Leo Beranek alilieleza jambo hili katika kitabu chake Acoustics, nacho cha 1954: kwa nadharia, nyongeza hiyo ya ukubwa inaweza kufika asilimia 40. Inavutia kwamba Newton, alipokokotoa kasi ya sauti mwaka 1687, alichukulia kuwa joto la hewa halibadiliki, akapata jibu dogo mno hadi Laplace aliporekebisha. Ndani ya boksi lililojaa pamba, hesabu ya Newton hukaribia ukweli.

Malighafi zilibadilika. Mwaka 1965 A. R. Bailey wa Bradford, Uingereza, alipendekeza sufu ya kondoo yenye nyuzi ndefu katika jarida la Wireless World. Sufu huliwa na nondo, na nyuzi za kioo huwasha ngozi, tena vumbi lake likiingia kwenye nafasi ya koili huikwaruza. Polista, ile ile ya kujazia mito, haina kasoro hizo, na ndiyo iliyoenea.

Richard Small, katika makala zake za 1972 na 1973 kuhusu maboksi yaliyozibwa, aliuingiza ujazaji huu wa nyuzi kwenye hesabu za usanifu. Kwa vitendo, nyongeza ya ukubwa wa boksi huwa robo au chini ya hapo. Kwenye gari hiyo si haba, maana kila lita ya boksi hunyang'anya mizigo nafasi. Wapo wanaosema pamba humeza mwangwi. Kwa sabufa hoja hiyo ni dhaifu, kwani wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, na boksi halifiki hata mita moja.

Kiasi cha kawaida ni gramu 8 hadi 16 kwa lita: boksi la lita 30 huchukua gramu 240 hadi 480. Polista huchambuliwa kwa vidole mpaka mabonge yaishe, ndipo hutandazwa bila kushindiliwa; ikibanwa sana, faida hupungua. Tundu la hewa nyuma ya sumaku huachwa wazi. Boksi lenye bomba huwekewa pamba kutani tu, mbali na mdomo wa bomba. Anayenufaika zaidi ni mwenye boksi dogo kuliko inavyotakiwa. Boksi linalovuja halitengenezwi kwa pamba, huzibwa kwanza.