Simu janja ipi inafaa? Mwongozo kwa mnunuzi wa Johannesburg

Bei iliyobandikwa kwenye sanduku la simu ni sehemu tu ya gharama yake. Kwa Waafrika Mashariki wanaoishi Johannesburg, au wanaopita huko na kununua simu za kupeleka nyumbani, jambo kubwa zaidi ni kujua simu hiyo itafanya kazi kwa miaka mingapi, kwenye mtandao gani, na ilitoka mikononi mwa nani.

Katikati ya jiji, kwenye barabara ya Rahima Moosa ambayo wengi wangali wakiiita kwa jina lake la zamani la Jeppe, simu za kila aina hupangwa katika maduka madogo, mpya na zilizokwisha kutumika. Upande wa kaskazini, katika maduka ya Sandton City, huuzwa zile zinazogharimu mshahara wa miezi kadhaa wa kibarua. Kati ya ncha hizo mbili ndipo anaposimama mnunuzi wa kawaida, akiwa na akiba ndogo ambayo hataki ipotee.

Kwake yeye simu si anasa. Kwa dereva wa Uber au Bolt, au mwenye meza ya biashara katika soko la Yeoville, ni chombo cha kazi. Kwa mkimbizi ni zaidi ya hapo. Aprili 2021, Idara ya Mambo ya Ndani ya Afrika Kusini ilianzisha utaratibu wa kuongeza muda wa vibali vya waomba hifadhi na wakimbizi kwa njia ya intaneti, na Mkongomani wa Yeoville au Msomali wa Mayfair akalazimika kutuma nyaraka zake na kusubiri jibu kwa barua pepe. Simu ikifa siku kama hiyo, kinachopotea si picha na nyimbo tu.

Hata fedha hutembea kwa namna nyingine huko. Nchini Kenya, ambako M-Pesa ilianza mwaka 2007, simu ndogo ya tochi inatosha kutuma na kupokea fedha. Nchini Afrika Kusini, Vodacom ilizindua M-Pesa mwaka 2010 kwa kushirikiana na benki ya Nedbank, ikaifunga mwaka 2016 baada ya kukosa wateja wa kutosha. Wengi hutumia programu za benki au za makampuni ya kutuma fedha nje, kama vile Mukuru na Mama Money. Anayetoka Nairobi au Dar es Salaam na simu ya tochi hugundua mapema kwamba haimtoshi.

Mtandao kwanza

Vodacom na MTN zilianza huduma nchini Afrika Kusini mwaka 1994, Cell C ikafuata mwaka 2001, kisha Telkom ikaingia katika simu za mkononi mwaka 2010. Kwa miaka mingi simu yoyote iliyoshika laini zao ilitosha. Hali hiyo inaelekea kwisha. Sera ya masafa ya redio ya mwaka 2024 ilitaja mwisho wa mwaka 2027 kuwa kikomo cha mitandao ya 2G na 3G. Tarehe za namna hiyo zilikwisha kusogezwa mbele huko nyuma, lakini mwelekeo wenyewe haukubadilika.

Kwa hiyo simu isiyo na 4G haifai kununuliwa leo, hata kama bei yake ni ya kuvutia. Tena haitoshi kwamba simu inapata intaneti ya 4G. Lazima iweze pia kupitisha mazungumzo ya kawaida kwenye 4G. Zipo simu ambazo zikipigiwa hurudi kwenye 2G au 3G, na mitandao hiyo ikizimwa zitabaki bila sauti. Njia nyepesi ya kupima ni kuweka laini yako dukani, kupiga simu, na kuangalia kama alama ya 4G inabaki juu ya kioo wakati mazungumzo yanaendelea.

Huduma ya 5G ilianza Johannesburg mwaka 2019 kwa kampuni ya Rain, na Vodacom na MTN zikafuata mwaka 2020. Mwenye bajeti ndogo hahitaji kuilipia. Ni afadhali fedha hizo ziende kwenye betri na hifadhi.

Wanaopelekewa simu na ndugu walioko Marekani nao wana la kuangalia. Simu za iPhone zinazouzwa huko, kuanzia iPhone 14 ya mwaka 2022, hazina tundu la kuweka laini. Hutegemea laini ya kielektroniki pekee. Ni vyema kuuliza kwanza kama kampuni ya simu ya mpokeaji inatoa laini ya aina hiyo.

Simu inayokufa ikiwa ingali nzima

Kati ya mwaka 2010 na 2013 vijana wengi wa Afrika Kusini walibeba BlackBerry, kwa sababu malipo ya mwezi mmoja yaliwapa intaneti bila kuhesabu. Januari 2022 kampuni hiyo ilizima huduma za simu zake za zamani. WhatsApp iliacha kutumika kwenye simu za Android za kabla ya toleo la 5.0 mwezi Oktoba 2023, na mwaka 2025 ikaacha simu za bei nafuu zinazotumia mfumo wa KaiOS. Katika mifano yote hiyo vioo havikuvunjika wala betri hazikuharibika. Simu zilikuwa nzima, ila huduma ziliziacha.

Ndiyo maana swali la masasisho lina uzito kuliko swali la kamera. Samsung, ilipotoa Galaxy A16 mwaka 2024, iliahidi kuisasisha kwa miaka 6, ingawa si simu ya bei ya juu. Watengenezaji wengine huahidi miaka 2 au 3, na wengine hawaahidi chochote. Mnunuzi atazame pia mwaka ambao simu ilitoka kiwandani, kwani miaka ya ahadi huhesabiwa tangu simu ilipozinduliwa, si tangu siku aliyoinunua. Simu iliyokaa dukani miaka 2 imekwisha kula sehemu ya umri wake.

Kilichomo ndani

Kwa matumizi ya WhatsApp, benki, barua pepe na ramani, simu yenye kumbukumbu ya kazi, yaani RAM, ya gigabaiti 4 na hifadhi ya gigabaiti 64 ni mwanzo mzuri. Hifadhi ya gigabaiti 128 hupunguza usumbufu wa kufuta picha kila wiki. Baadhi ya masanduku huandika RAM ya gigabaiti 8 kwa maandishi makubwa, kumbe 4 kati ya hizo ni hifadhi iliyoazimwa. Hiyo si sawa na RAM halisi. Ukweli huonekana ndani ya mipangilio ya simu.

Betri ya mAh 5,000 ni kipimo kinachofaa. Wakazi wa Johannesburg hawajasahau mwaka 2023, ambapo umeme ulikatwa kwa zamu, mara nyingine kwa saa nyingi kwa siku, na minara ya simu ikapoteza mawasiliano betri zake zilipokwisha. Simu inayotafuta mtandao dhaifu hula chaji haraka.

Kuhusu kamera, wingi wa megapikseli hausemi kila kitu. Anayehitaji kutuma nyaraka apige picha ya ukurasa wa pasipoti au karatasi yenye maandishi madogo akiwa bado dukani, kisha aikuze picha hiyo. Maandishi yakisomeka, kamera inatosha. Yakiwa na ukungu, karatasi zake zitarudishwa mara kwa mara.

Hesabu ya bei

Njia bora ya kulinganisha simu mbili ni kugawa bei kwa miezi itakayotumika. Simu ya randi 1,500 ikidumu mwaka 1, kila mwezi umegharimu randi 125. Simu ya randi 3,600 ikidumu miaka 4, kila mwezi umegharimu randi 75. Kwa hesabu hiyo, rahisi ndiyo iliyokuwa ghali.

Serikali nayo imegusa bei hizo. Tangu tarehe 1 Aprili 2025, ushuru wa anasa wa asilimia 9 huzihusu tu simu janja ambazo bei yake ya kuingizwa nchini inazidi randi 2,500, ili simu za bei nafuu zipatikane kwa urahisi zaidi. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15 ilibaki palepale.

Wapo wanaochagua mkataba wa miezi 24 au 36. Mkataba wa randi 299 kwa mwezi, kwa mfano, huonekana mwepesi, lakini baada ya miezi 36 umefika randi 10,764. Kabla ya kutia saini, mnunuzi alinganishe jumla hiyo na bei ya simu hiyo ikilipwa taslimu, pamoja na vifurushi atakavyonunua mwenyewe. Makampuni huchunguza historia ya mkopo ya mteja, na mgeni huulizwa kibali cha kuishi nchini. Sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 2008 humruhusu mteja kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 20 za kazi, lakini kampuni inaweza kudai fidia ya kiasi, pamoja na deni la simu.

Intaneti yenyewe ni gharama ya pili. Baada ya uchunguzi wa Tume ya Ushindani uliokamilika Desemba 2019, makampuni makubwa yalipunguza bei mwaka 2020. Kifurushi cha gigabaiti 1 cha siku 30 cha Vodacom kilishuka kutoka randi 149 hadi 99. Hata kwa bei hiyo iliyopunguzwa, miezi 24 ni randi 2,376, yaani bei ya simu nyingine.

Imetoka wapi?

Hatari kubwa zaidi iko kwenye simu zilizotumika. Kila simu ina namba ya IMEI, ambayo huonekana kwa kubonyeza *#06#. Namba hiyo ilingane na iliyoandikwa kwenye sanduku na kwenye mipangilio. Nchini Afrika Kusini, simu iliyoripotiwa kuibiwa huweza kufungiwa, na makampuni hupashana habari, hivyo kubadilisha laini hakusaidii. Muuzaji pia aondoe akaunti yake ya Google au Apple mbele ya mnunuzi, kabla ya fedha kutoka mfukoni. Simu ambayo mwenyewe hawezi kuifungua mara nyingi ina mwenyewe mwingine.

Sheria ya bidhaa zilizotumika ya mwaka 2009 huwataka wafanyabiashara wa bidhaa hizo wasajiliwe na polisi na waandike utambulisho wa kila anayewauzia. Duka lisiloweza kuonyesha usajili wake si mahali pa kuacha mshahara.

Risiti ni ngao. Chini ya sheria ya kumlinda mlaji, bidhaa yenye kasoro inaweza kurudishwa ndani ya miezi 6, na mnunuzi ndiye anayechagua kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha. Bango la dukani linalosema bidhaa ikiuzwa hairudi haliondoi haki hiyo. Lakini kasoro ambayo muuzaji aliieleza waziwazi, na mnunuzi akaikubali, haihesabiwi.

Kupeleka nyumbani

Simu bandia zimewaumiza wengi Afrika Mashariki. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima karibu simu milioni 1.9, na Juni 2016 Tanzania ikazima zile ambazo IMEI zake hazikutambulika. Zawadi iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa yaweza kumfikia mama kijijini ikiwa kipande cha plastiki.

Jambo la pili ni fundi. Tecno, Infinix na itel, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, zimeenea sana Afrika Mashariki, na vioo na betri zake hupatikana Kariakoo na Luthuli Avenue. Johannesburg, Samsung ndiyo iliyoenea zaidi. Simu ya jina lisilojulikana yaweza kukosa vipuri kote kuwili. Kiwanda cha Mara Phones kilifunguliwa Durban Oktoba 2019 kwa matumaini makubwa, sambamba na kingine cha Kigali, lakini kufikia mwaka 2022 mali za kile cha Durban zilikuwa zikipigwa mnada. Aliyenunua simu zake alibaki kumtegemea fundi wa mtaani.

Mgeni asiye mkazi wa Afrika Kusini anaweza kudai sehemu ya kodi ya ongezeko la thamani katika uwanja wa ndege wa O.R. Tambo, iwapo bidhaa zake zinazidi randi 250 na anaondoka nazo ndani ya siku 90. Atahitaji ankara ya kodi na simu yenyewe ya kuonyesha kwa maofisa, hivyo asiifungie ndani ya mizigo kabla ya kukaguliwa.

Kwa ufupi, simu inayofaa ni ile inayopitisha sauti kwenye 4G, yenye masasisho ya miaka kadhaa mbele, yenye IMEI safi na risiti halali, na ambayo fundi wa mahali itakapotumika anaifahamu. Simu mbili zikitimiza hayo yote, hapo ndipo bei na rangi huamua.