Miiba ya Kambare: Sumu ya Samaki Mbali na Bahari

Maandishi yetu kuhusu samaki wenye sumu huanzia pwani na mara nyingi huishia huko huko: taa aliyejifukia mchangani, samaki jiwe asiyetofautika na mwamba alioulalia, tasi ambaye mvuvi wa Unguja hujifunza mapema namna ya kumshika. Mkazi wa Niboye, wilayani Kicukiro nchini Rwanda, yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari hiyo, kwa hiyo huonekana kama mtu asiyehusika. Makala haya yanapinga mtazamo huo. Ninadai kwamba sumu ya samaki ni suala la bara pia, kwamba mahali pake halisi ni kwenye kazi za mikono, na kwamba huduma ya kwanza inayofaa imo ndani ya kila nyumba yenye chupa ya chai.

Tuanze na ushahidi wa kibiolojia. Mwaka 2006, watafiti Smith na Wheeler walikadiria kuwa samaki wenye sumu wanazidi spishi 1,200, idadi iliyopita kwa mbali makadirio ya awali. Miaka mitatu baadaye Jeremy Wright alichunguza tezi za samaki wa jamii ya kambare peke yao na kuhitimisha kwamba spishi zisizopungua 1,250 kati yao, huenda hata zaidi ya 1,600, zina sumu. Wengi wa samaki hao wanaishi katika mito, maziwa na mabwawa. Anayeendelea kuiita sumu ya samaki jambo la bahari anaacha nje kundi kubwa kabisa.

Rwanda imo katika hesabu hiyo. Synodontis ruandae, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1959, ni samaki wa bonde la Akagera, mto unaopokea maji ya Nyabarongo ipitayo kando ya jiji la Kigali. Ndugu zake wa Ziwa Viktoria huitwa gogogo. Hawa wana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili kifuani, ambayo wakiikaza hujifunga isilale tena hata ukiisukuma. Kambare wa kufugwa, Clarias gariepinus, hana mwiba wa mgongoni, lakini miwili ya kifuani anayo.

Jeraha lenyewe hutokea hivi. Kambare hana magamba na mwili wake umejaa utelezi. Tena hupumua hewa, hivyo anaweza kufika jikoni akiwa bado hai. Mpishi hana pa kumkamata imara ila nyuma ya kichwa, na hapo ndipo miiba ilipo. Mwiba una meno madogo kama ya msumeno na umevikwa ngozi nyembamba yenye seli za sumu. Ukichoma, ngozi hiyo hupasuka na sumu humwagika ndani ya kidonda. Samaki huyu hana meno ya kuingizia sumu kama ya nyoka. Inayousukuma mwiba ni nguvu ya mkono unaombana. Kadiri unavyomkaza asiponyoke, ndivyo unavyozidi kuumia.

Maumivu hayo hayalingani na ukubwa wa tundu. Kidole hupwita, huvimba na kuwa chekundu, na wakati mwingine hufa ganzi. Najua pingamizi litakalotolewa: kambare haui, ilhali samaki jiwe ameua. J.L.B. Smith, mtaalamu aliyempa silikanti jina lake la kisayansi mwaka 1939, aliandika mwaka 1957 kuhusu vifo viwili vya haraka vilivyotokana na samaki jiwe. Sibishi. Lakini kupima uzito wa madhara kwa idadi ya vifo peke yake ni kumsahau anayeishi kwa mikono yake. Muuza samaki au mpishi asiyeweza kukunja vidole kwa juma zima amepoteza kipato cha juma zima, na kwa familia nyingi hilo si jambo dogo.

Sumu hizi ni protini, na protini nyingi huharibika kwa joto. Ndiyo maana tiba ya kwanza ni kuloweka mkono katika maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa dakika 30 hadi 90. Katika mapitio ya majeraha ya taa yaliyochapishwa Marekani mwaka 2007, asilimia 88 ya waliotibiwa mwanzoni kwa maji ya moto pekee walipata nafuu bila dawa nyingine ya maumivu. Maji yapimwe kwa mkono mzima, maana ule uliochomwa unaweza kuungua bila mwenyewe kuhisi. Kufunga kamba, kuchanja na kunyonya kidonda havina faida yoyote; vinaongeza madhara.

Baada ya maumivu kutulia ndipo hatari ya pili huanza, na naiona kubwa kuliko ya kwanza. Vipande vya mwiba huvunjikia ndani, na maji ya mabwawa na mito yana bakteria wa Aeromonas, ambao kwa asili yao hawadhuriwi na ampisilini wala amoksisilini. Mgonjwa anayenunua amoksisilini dukani na kurudi nyumbani akiamini ametibiwa anaweza kuamka na mkono uliojaa usaha. Kinga ya pepopunda nayo isisahaulike.

Kinachozidisha tatizo ni namna majeraha haya yanavyoandikwa kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa, toleo la 10, imetenga alama T63.5 kwa madhara ya sumu ya samaki. Lakini kidonda hicho hicho kikiandikwa S61, yaani jeraha la wazi la mkono, sumu hufutika kwenye kumbukumbu, na wapangaji wa afya hawawezi kupanga dhidi ya kitu ambacho takwimu zao hazikionyeshi. Shirika la Afya Duniani liliweka sumu ya nyoka kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017, baada ya watafiti kukusanya hesabu kwa miaka mingi. Sumu ya samaki wa bara haijafanyiwa kazi hiyo.

Kwa hiyo wanaofundisha wauguzi na washauri wa afya wa vijijini nchini Rwanda wana mambo matatu ya kuingiza katika mafunzo yao sasa: kumuuliza kila mwenye kidonda cha mkono kama alishika samaki, kuuloweka mkono huo katika maji ya moto kabla ya jambo lingine, na kuandika T63.5.