Maiti ya Askari wa Kusini

Kila mwaka, katika juma la mwisho la Desemba, marafiki wanne hukutana barazani kwangu baada ya kukisoma upya kitabu kile kile. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, mmoja mwanasheria, mmoja mhasibu, na wa nne ni mimi ninayefundisha historia chuo kikuu. Kitabu chenyewe ni The Lord of the Rings cha J.R.R. Tolkien, kilichotoka London kwa juzuu tatu kati ya Julai 1954 na Oktoba 1955. Nakala yangu niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba jijini Dar es Salaam nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Haikuwa na jalada, na mchwa walikuwa wamekwisha kuonja pembe zake. Masharti ya mkutano wetu ni mepesi: kila mmoja aje na sentensi moja tu iliyomgusa mwaka huo, aiandike kwa mkono, aitafsiri kwa Kiswahili, na awe tayari kuitetea mbele ya chai na vitumbua.

Wapo watakaoshangaa kwamba mtu mzima mwenye shahada ya uzamivu anashughulika na pete za uchawi na mazimwi. Bibi zetu walitulea kwa hadithi za mazimwi na majini, na hakuna aliyewauliza kama walikosa kazi ya maana.

Kwa asiyekijua kitabu hiki, kisa chake kwa ufupi ni hiki. Ipo pete iliyofuliwa na mtawala mwovu aitwaye Sauron, ambaye alitia ndani yake sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuwatawala wengine. Pete hiyo inaangukia mikononi mwa Frodo, mmoja wa mahobiti, watu wafupi wapendao kula vizuri na kutunza bustani. Yeye na Sam, mtumishi wake, wanaibeba hadi kwenye mlima wa moto ilikofuliwa ili wakaiteketeze. Wenye hekima wanakataa kuitumia hata kwa nia njema, kwa kuwa wanajua kwamba anayeishika ili atende mema ataishia kufanana na aliyeifua. Ninyi mnaosoma makala zangu za siasa mtaelewa kwa nini mwanahistoria wa Afrika huru hawezi kupita hapo bila kusimama.

Kuokota sentensi kitabuni na kuwapelekea wenzako si mchezo tuliouanzisha sisi. Mwaka 1965 kampuni ya Marekani, Ace Books, ilitoa toleo la bei nafuu bila idhini ya mwandishi. Ugomvi uliofuata ukakifanya kitabu kijulikane zaidi, na vijana wa vyuo vikuu wakaanza kuvaa beji na kuandika ukutani kwamba Frodo yu hai. Katika Umoja wa Kisovyeti, tafsiri ya Kirusi iliyofupishwa na Zinaida Bobyr katika miaka ya 1960 ilipitishwa mkono kwa mkono kwa nakala zilizopigwa taipu. Juzuu ya kwanza haikuchapishwa rasmi huko hadi 1982, nayo ikiwa imepunguzwa. Msomaji aliyeipokea nakala hiyo usiku na kutakiwa kuirudisha baada ya siku chache hakuhitaji mhadhara juu ya jicho lisilolala linalowatazama watu kutoka mnarani.

Lakini Juni 1977, huko Montesarchio kusini mwa Italia, vijana wa chama cha MSI, chama kilichoanzishwa na wafuasi wa Mussolini, walipiga kambi ya muziki na siasa wakaiita Campo Hobbit. Giorgia Meloni, waziri mkuu wa Italia tangu Oktoba 2022, alilelewa kisiasa katika jumuiya ya vijana wa chama hicho hicho na hafichi mapenzi yake kwa kitabu hiki. Novemba 2023 maonyesho makubwa juu ya Tolkien yalifunguliwa Roma, naye akahudhuria. Na mwandishi mwenyewe? Julai 1938, wachapishaji wa Potsdam waliotaka kutoa The Hobbit kwa Kijerumani walimtaka athibitishe kuwa ana asili ya Kiarya. Rasimu ya jibu lake ipo hadi leo: anawakejeli kwa ujinga wao juu ya maana ya neno hilo, kisha anasikitika kwamba hana bahati ya kuwa na mababu Wayahudi.

Kwa hiyo ninapomwona mtu amepigia mstari sentensi fulani, siku hizi namwuliza kwanza amesimama wapi anapoisoma. Hata mimi sikusalimika. Nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilibandika ukutani, katika chumba changu cha bweni, maneno ya Gandalf kwa Frodo juu ya huruma. Frodo anatamani kwamba Gollum, kiumbe aliyeharibiwa na pete, angeuawa zamani. Gandalf anamkanya asiwe mwepesi wa kugawa hukumu ya kifo. Nilikuwa nikiyasoma maneno hayo kama nasaha kwa wakubwa. Leo nayasoma nikijua yanakoelekea. Mwishoni Frodo anashindwa. Akiwa amefika ukingoni mwa moto anaidai pete kuwa yake, na anayeinyakua, akamng'ata kidole na kuporomoka nayo, ni Gollum yule yule aliyeachwa hai. Huruma aliyoonyeshwa kiumbe asiyestahili ndiyo iliyofanya kazi ambayo shujaa hakuiweza, na sentensi iliyokatwa na kubandikwa ukutani haikuweza kuniambia hivyo.

Mwaka huu sikwenda na Gandalf. Nilikwenda na Sam.

Katika juzuu ya pili Frodo na Sam wamejificha vichakani wakati askari wa Gondor, wakiongozwa na Faramir, wanapovamia msafara wa watu kutoka nchi za kusini wanaokwenda kujiunga na jeshi la Sauron. Mmoja wa hao watu wa kusini anaporomoka kutoka juu na kuanguka karibu kabisa na Sam, kifudifudi, mshale umemkaa shingoni. Amevaa nguo nyekundu, nywele amesuka na kuzipamba kwa dhahabu, na mkono wake wa rangi ya kahawia bado umeshika mpini wa upanga uliovunjika. Ni mara ya kwanza kwa Sam kuona watu wakipigana na watu, na hapendi anachokiona. Anashukuru kwamba uso wa maiti hauonekani. Halafu anaanza kujiuliza mambo: jina la mtu yule, kwao wapi, kama kweli alikuwa na moyo mwovu, au ni uongo gani au vitisho gani vilivyomtoa nyumbani kumleta mbali kiasi hicho, ilhali pengine angependa kubaki kwao kwa amani.

Nimekisoma kitabu hiki zaidi ya mara kumi na hapo sikuwahi kuweka hata nukta ya penseli.

Barua alizomwandikia mwanawe Christopher zinaonyesha kwamba Tolkien alikuwa akiandika sehemu hii Aprili na Mei 1944. Christopher alikuwa Afrika Kusini, akifunzwa urubani wa kijeshi katika nchi ambako baba yake alizaliwa, mjini Bloemfontein, tarehe 3 Januari 1892. Katika barua moja ya Aprili mwaka huo Tolkien anagusia namna watu weusi wanavyotendewa huko: mama yake alikuwa akiyazungumza, na mgeni atokaye Uingereza karibu kila mara hushtuka, ila wachache tu hubaki na mshtuko huo kwa muda mrefu. Vita vyenyewe alivijua kwa macho yake. Alikuwa ofisa wa mawasiliano huko Somme mwaka 1916, na humo alimpa maji ofisa wa Kijerumani aliyejeruhiwa na kutekwa. Mateka akamsahihisha matamshi yake ya Kijerumani. Mwaka huo huo wa 1916, huku kwetu, maelfu ya wapagazi walikuwa wakitwishwa mizigo ya jeshi la Waingereza, na jina la kikosi chao tunalitamka kila tuendapo sokoni Kariakoo.

Sasa weka kando riwaya utazame 1944 yenyewe. Februari mwaka huo meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 ilipigwa topido na nyambizi ya Japani karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao wakiwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Miezi michache baadaye Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliingia Burma, ikateremka bonde la Kabaw katika tope la mvua za monsuni hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin, mwezi Desemba. Wakati profesa wa Oxford anamwaza kijana wa kusini aliyeletwa kufa katika vita visivyo vyake, vijana wa kusini walikuwa melini.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alikuwa askari wa Keya, akarudi Songea na blanketi la jeshi na kikohozi. Tulipokuwa watoto tulitamani atusimulie mapigano. Yeye alisimulia mvua, ruba walioingia hata ndani ya buti, na nyumbu waliokataa kuvuka mito. Siku moja, nikiwa kidato cha pili na mwalimu wa historia ametufundisha kwamba Waafrika walijitolea kuitetea demokrasia, nilimwuliza kwa nini alikwenda. Akanijibu bila kuinua kichwa kwamba jumbe alikuwa ameagizwa idadi ya vijana, naye babu yangu alikuwa hana baba wa kumsemea. Nikarudi kuandika katika daftari langu kwamba walijitolea, kwa sababu ndilo jibu lililokuwa na alama.

Basi hiyo ndiyo sentensi niliyoipeleka barazani. Niliposema ni ya Sam, mhasibu wetu aliapa kuwa ni ya Faramir. Tukabishana hadi nikafungua ukurasa. Hakuwa ametunga: katika toleo refu la filamu ya mwaka 2002 maneno hayo yamepewa Faramir kweli. Hata hivyo tofauti si ndogo. Faramir ndiye jemadari aliyeamuru mishale. Akiyasema yeye, ni majuto mazuri ya mshindi. Sam ni mtumishi. Yeye mwenyewe ametolewa nyumbani kumfuata bwana wake, na ndiyo maana swali hilo linaweza kuingia kichwani mwake.

Mwalimu wa sekondari, ambaye hanipi nafasi ya kupumua, alinitaka nisome kinachofuata. Kinachofuata ni tembo. Ndovu mkubwa wa vita, wa kutisha, anakuja akivunja miti, na Sam, ambaye maisha yake yote ametamani kumwona mnyama huyo, anashangilia moyoni na kumsahau maiti. Kisha akanifungulia juzuu ya tatu, katika vita vya mbele ya mji wa Gondor, mahali ambapo watu weusi kutoka kusini ya mbali kabisa wanafananishwa na mazimwi, na hakuna Sam wa kuwauliza majina. "Huruma ya aya moja," akasema, "halafu tembo." Nilimkumbusha kwamba mwaka 1959, akiaga uprofesa wake Oxford, Tolkien alitamka hadharani kuwa anauchukia ubaguzi wa Afrika Kusini. Akasema hilo ni jema, lakini yeye alikuwa anazungumzia kitabu. Hapo alinishinda, na ninaliandika ili asije akasema nimeficha.

Mwanasheria alikuwa kimya muda wote akichezea kijiko. Mwishowe aliniuliza swali dogo: babu yako katika hadithi hiyo ni yupi, yule maiti au Sam? Maana huko Burma alikuwa na bunduki, na mbele yake kulikuwa na vijana wa Kijapani ambao nao walikuwa na kwao.

Nilikwenda ndani kuongeza chai. Babu alifariki nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kabla sijakinunua kitabu. Katika sanduku lake la bati tulikuta medali mbili zisizo na jina lake, na picha ndogo, imechakaa, ya mwanamke aliyevaa kimono. Mama anadai ilitoka katika kalenda. Niliporudi barazani walikuwa wamekwisha kuanza kubishana kama neno la Kiingereza la "vitisho" katika sentensi yangu lingetafsirika vizuri zaidi kwa "mikwara", na mwalimu alikuwa akikataa katakata.