"Tall": neno la Kiingereza lililotupima watu wa Buha

Najua nimepotea kama wiki tatu hivi. Msininunie, test zilikuwa zinafuatana kama mabehewa ya reli ya kati, na bumu nalo limeshakata, kwa hiyo hata bando la kuingia humu nimekopeshwa na rumumeti. Leo nimerudi na neno moja tu la Kiingereza. Neno lenyewe ni "tall". Najua mtasema hilo tulifundishwa shule ya msingi. Subirini kidogo.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mrefu. Futi sita kasoro inchi moja, na kwa msichana hiyo ni kesi. Hapa chuo naitwa Twiga, nimeshazoea, hata naitika. Kwetu ni Kasulu, na mama amezaliwa Kibondo, kwa hiyo likizo zangu nyingi huishia kwenye basi kati ya wilaya hizo mbili. Likizo iliyopita nilisafiri na mdogo wangu wa kiume. Baba mmoja, mama mmoja, ila yeye kafuata upande wa mama: mfupi, kajaa kidogo. Njiani basi likasimamishwa, akaingia jamaa wa ukaguzi. Mdogo wangu akapitwa kama kiti kitupu. Kufika kwangu jamaa akasimama.

"We dada, mwenyeji wa wapi? Mbona mrefu hivyo?"

Nikatoa kitambulisho cha chuo, akataka cha taifa. Nikatoa. Akaniangalia mimi, akaiangalia picha, akaniuliza jina la babu mzaa baba. Nikalitaja. Basi zima kimya, hadi kuku aliyekuwa chini ya kiti cha nyuma alinyamaza. Mwisho akanirudishia kadi yangu: "Haya, nilidhani umetoka ng'ambo." Ng'ambo maana yake Burundi. Mdogo wangu alicheka mpaka tunafika Makere. Mimi nilijilazimisha kucheka, lakini swali likanikaa kichwani: urefu wangu ulianza lini kuwa ushahidi wa nilikotoka?

Kwa kuwa nasoma historia, nikaenda maktaba. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza neno lenyewe. Kiswahili chetu kina "-refu" tu, na hiyo inatosha kila kitu: mtu mrefu, barabara ndefu, mlima mrefu, kisima kirefu, hata hotuba ndefu ya mgeni rasmi. Mwingereza amegawa. Barabara ana neno lake, kisima neno lake, mlima kwa kawaida neno lake. "Tall" anaiweka kwa kitu kilichosimama wima na chembamba: mtu, mti, jengo, bilauri. Lakini kumbe zamani haikuwa hivyo. Katika Kiingereza cha kale mzizi wake ulikuwa na maana ya mtu mwepesi, aliye tayari. Baadaye ikawa mtu mzuri wa sura, halafu mtu shujaa. Maana ya kimo ilianza kushika katika miaka ya 1500. Enzi za Shakespeare maana zote mbili bado zilikuwa hai, ndiyo maana katika Twelfth Night kuna Sir Andrew, mwoga wa kutupwa, anayesifiwa kuwa "tall". Watazamaji walicheka kwa sababu neno lilibeba kimo na ushujaa kwa pamoja, na yeye ushujaa hakuwa nao.

Kwa hiyo lile neno tangu zamani lilikuwa na tabia moja mbaya. Linaonekana kama linapima mwili, kumbe chini chini linatoa cheo. Shikeni hapo.

Twende Ujiji, Februari 1858. Wanafika Wazungu wawili, Burton na Speke, hoi kwa homa. Speke macho yalikuwa yanamuuma kiasi kwamba ziwa Tanganyika lenyewe alilitazama kama mtu anayechungulia kwenye ukungu. Katika safari yake ya pili akapita Karagwe, mwaka 1861, kwa mfalme Rumanika. Huko alitoa kamba akampima mwanamke mmoja wa jamaa ya mfalme, mkono, kifua, paja, kimo, halafu akaviandika kitabuni. Kitabu kilitoka 1863, na humo ndimo aliweka nadharia yake: kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa makuu, aliowaita Wahuma, ni uzao wa watu waliotoka Uhabeshi, tofauti kabisa na wakulima wanaowatawala. Mwenyewe aliiita nadharia. Ushahidi mkubwa aliokuwa nao ni sura za watu na umbo lao.

Waliomfuata wakasahau kwamba ilikuwa nadharia. Mwaka 1907 msafara wa Duke wa Mecklenburg ulifika Rwanda, ikapigwa picha ya kijana akiruka juu ya vichwa vya Wazungu wawili waliosimama, ikazunguka Ulaya yote. Mwaka 1930 Mwingereza Seligman akatoa Races of Africa, akaifanya hadithi ya Speke kuwa kama sayansi: kila kilicho cha maana Afrika kimeletwa na watu wafugaji, weupe kidogo, warefu. Wanafunzi wengi walisoma kitabu hicho. Kwa Kiingereza hadithi iliyotiwa chumvi nayo huitwa "tall", nadhani hapa linafaa kuliko mahali pengine popote.

Sasa kwetu Buha ilikuwaje? Waha tulikuwa na falme kadhaa. Heru na Bushingo ni upande wa Kasulu, Muhambwe ndiyo Kibondo, Buyungu ndiyo Kakonko ya leo. Watawala walikuwa wa koo za Kitutsi, hilo halina ubishi. Mwami juu, chini yake watwale. Lakini kulikuwa na wateko, makuhani wa ardhi kutoka koo za wenyeji wa zamani, na bila wao mwami hakuwa na baraka ya nchi. Mtu alipanda kwa ng'ombe: ukipewa ng'ombe unakuwa mtu wa aliyekupa, unamlimia, naye anakulinda. Sisemi ilikuwa pepo. Aliyekuwa na ng'ombe alimbana asiye nao, na wazee wetu hawakusahau. Ninachosema ni kwamba mpangilio ule ulisimama juu ya ukoo, ng'ombe na utumishi, na vitu hivyo vinaweza kupatikana na kupotea. Urefu ukishazaliwa nao umezaliwa nao.

Najua kuna atakayesema "lakini warefu walikuwepo kweli". Ndiyo. Jean Hiernaux aliwapima watu wa Ruanda-Urundi na mwaka 1954 akachapisha vipimo: kwa wastani Watutsi waliwazidi Wahutu kwa sentimita kadhaa. Ila wastani haupandi basi, anayepanda ni mtu mmoja mmoja. Kila upande ulikuwa na wafupi na warefu wake. Nyumba yetu peke yake ina mimi na mdogo wangu, hebu wastani utuambie sisi ni kina nani.

Hapa ndipo kisa kinaponoga. Wakati wa Wajerumani, Buha, Burundi na Rwanda zote zilikuwa koloni moja. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia, wakaishika hata Kigoma mpaka 1921. Katikati ya hapo, mwaka 1919, Waingereza na Wabelgiji wakakubaliana kugawana: Ruanda-Urundi kwa Mbelgiji, sisi kwa Mwingereza. Watu walewale, lugha zinazosikilizana (Mha na Mrundi hawahitaji mkalimani), wakatenganishwa na mstari.

Ng'ambo ya mstari neno likapewa ajira. Rwanda, miaka ya 1930, kila mtu akaandikiwa kabila kwenye kitambulisho. Burundi, Wabelgiji wakapanga upya machifu. Mwanahistoria Joseph Gahama ameonyesha kwamba mwaka 1929 machifu Wahutu walikuwa karibu mmoja kati ya watano, na mwaka 1945 hakubaki hata mmoja. Watu waliondolewa madarakani kwa sababu nadharia ilisema "hawakuzaliwa kutawala".

Upande wetu Mwingereza naye hakuwa malaika. Alitawala kupitia mwami na watwale, akawapa kazi ya kukusanya kodi. Ila kadi ya kabila hatukupewa. Heru ikaja kuwa na mwami mwanamke, Theresa Ntare. Baada ya uhuru, mwaka 1963, uchifu ukafutwa nchi nzima. Sensa ya 1967 ikawa ya mwisho kuuliza kabila. Kile kivumishi kikakosa mahali pa kuandikwa. Ndiyo maana leo Kasulu unaweza kukaa na mtu miaka kumi usijue babu yake alikuwa nani, na usione haja ya kujua. Ni Mha, basi.

Ng'ambo kilichofuata mnakijua. Burundi 1972, watu wengi mno waliuawa, na waliokimbia wakajaa Kigoma na makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alikaa na wakimbizi hao mwaka 1985 na 1986. Mishamo, walikokaa peke yao, walimweleza kwa kirefu jinsi ya kumtambua adui kwa mwili wake, kuanzia urefu na pua. Lakini wakimbizi wa kabila lilelile waliokuwa wamejichanganya mjini Kigoma na Ujiji hawakuwa na habari hizo. Walikuwa na biashara, wake, waume na majirani. Nilisoma ukurasa huo mara tatu. Mateso yalikuwa yaleyale, tofauti ilikuwa namna walivyoishi baada yake.

Rwanda 1994 sihitaji kueleza sana. Kwenye vizuizi vya barabarani waliuawa hata Wahutu, kwa kosa la kuwa warefu. Hukumu ya 3 Desemba 2003, iliyotolewa na mahakama ya kimataifa pale Arusha, ilitaja matangazo ya redio RTLM yaliyowaambia wasikilizaji watazame kimo na pua ya mtu. Neno la kitabu cha 1863 lilikuwa limefika kwenye panga.

Na Buha tukapokea. Baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, Kibondo na Kasulu zilijaa watu. Wazee wangu wanayakumbuka majina ya kambi kama majina ya watoto wao: Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Karago, Mtabila, Muyovosi, Nyarugusu. Halafu kulikuwa na kambi ndogo Kibondo, Mkugwa. Huko waliwekwa, pamoja na wengine, watu wa ndoa za mchanganyiko, mume wa huku na mke wa kule, ambao kwenye kambi kubwa wasingelala salama. Hebu fikirini: mkimbizi anayewakimbia wakimbizi wenzake kwa sababu watoto wake hawaeleweki ni warefu au wafupi.

Nilipofika nyumbani siku ile ya basi nilimsimulia bibi. Aliendelea kuchambua maharage, halafu akasema: "Mjukuu wangu, sisi mgeni tulimuuliza ametoka kwa nani na amekula nini. Kumpima kwa kamba ni kazi ya fundi wa majeneza."

Sina ugomvi na yule jamaa wa ukaguzi. Mpaka una kazi yake, na mimi kadi ninayo. Ila nimemaliza kuamini kwamba kivumishi ni kitu kidogo. Lile swali lake, "mbona mrefu hivyo", hakulitunga yeye. Limetoka mbali, limepita Karagwe, Berlin, Brussels na Kigali, likapanda basi letu. Sisi tulibahatika tu kwamba upande wetu hakuna aliyeliandika kwenye kadi. Bahati hiyo inatunzwa, nayo inatunzwa kwa vitu vidogo kama unavyomwita mwenzako bwenini.

Twiga mwendelee kuniita, hilo halina tatizo, twiga yuko Serengeti na hana kabila. Ila yule kaka wa ghorofa ya pili anayeniita "Mtusi wa Kasulu" kila nikipita na ndoo, hii nimemwandikia yeye pia. Kaka, sijanuna. Soma tu hadi mwisho, halafu uje tule ugali wa muhogo na migebuka, mama ameniletea.

Nakimbilia semina ya saa nane, desa bado sijatoa kopi. Tuko pamoja wadau, wiki ijayo Mungu akipenda.